Kabare ya Giza na Watu Waliokimbia Nayo

Mwaka jana binti mmoja wa kikundi chetu cha maigizo alikuja mazoezini amejipaka poda nyeupe uso mzima mpaka shingoni, na macho ameyazungushia wanja mweusi, utadhani kapigwa ngumi mbili. Kwenye simu alikuwa na wimbo mmoja tu, anaurudia na kuurudia. Piano inagongwa kama mtu anayetaka kuvunja mlango, dramu zinajibu, halafu mwanamke anaimba kwa hasira na kucheka hapo hapo. Nikamuuliza, hiki ni kitu gani? Akasema hao ni Dresden Dolls wa Marekani, na muziki wao unaitwa kabare ya giza. Binamu yake aliyepelekwa kule ndiye aliyemtumia.

Mimi nilicheka tu, tukaendelea na mazoezi. Lakini kwenye kikao cha wazazi mzee mmoja akasimama akaniuliza mbele ya watu wote: "Mwalimu, ile miziki ni ya Freemason ao ni ya nani? Mutoto anapaka sura kama maiti, na wewe unamuangalia tu." Ukumbi mzima ukanigeukia. Sikuwa na jibu. Nikasema, "Papa, nipe muda, nitatafuta." Basi haya ndiyo niliyoyapata. Yamechelewa kwa sababu bando ni ghali na mimi husoma usiku, mtandao ukiwa umepata nafuu.

Nianze na neno lenyewe, maana jirani zetu Warundi wanalijua zamani. Kwao kabare ni pale panapouzwa pombe. Ni neno la Kifaransa, na hata Ufaransa maana yake ya kwanza ilikuwa hiyo hiyo, kilabu cha pombe. Mambo yalibadilika Paris mwaka 1881, Rodolphe Salis alipofungua kilabu chake akakiita Le Chat Noir, yaani Paka Mweusi, akawaachia washairi na waimbaji wapande jukwaani katikati ya wanywaji. Wajerumani wakalipenda wazo hilo. Mwaka 1901 Ernst von Wolzogen alifungua kabare ya kwanza ya Berlin, na mwaka huo huo vijana wa Munich wakafungua ya kwao, wakajiita Wanyongaji Kumi na Mmoja. Ila wakati huo Ujerumani ilikuwa na mfalme, na polisi walitaka kuyasoma maneno ya nyimbo kabla hayajaimbwa. Vijembe vilipimwa kwa kijiko.

Vita ya kwanza ya dunia ilipoisha mwaka 1918, mfalme alikimbilia Uholanzi (naye akawa mkimbizi, sema mkimbizi wa kwenye kasri) na udhibiti ule ukaondolewa. Hapo ndipo kabare ya Kijerumani ilipofungua mdomo. Na ya kusema yalikuwepo. Askari waliokatika miguu walikuwa wanaomba barabarani. Pesa iliharibika mpaka Novemba 1923 dola 1 ikafika mark trilioni 4.2, mtu anabeba mshahara kwa kikapu na jioni haununui kitu. Huko chini, kwenye vyumba vidogo vyenye moshi, watu walikaa kwenye meza wakasikiliza nyimbo.

Mshereheshaji anasimama mbele ya pazia, anawatania waliokuja, kisha anaita mtu mmoja mmoja: wimbo, kichekesho, dansi, wimbo tena. Hakuna kinachorefuka. Mwimbaji haimbi kwa kujisahau kama kwaya ya kanisa. Anaimba nusu na kusema nusu, anakutazama machoni, anakuonyesha wazi kwamba hii ni kazi ya jukwaani na wewe unayecheka umo ndani yake. Na sehemu ambayo mimi naona ndiyo moyo wa jambo zima ni hii: tuni ni tamu, ya kuchezesha mabega, lakini maneno yana sumu. Unaanza kutikisa mguu halafu unasikia unachotikisia mguu.

Nisidanganye lakini. Kabare nyingi za Berlin hazikuwa na ushujaa wowote. Zilikuwa miguu ya wasichana na bei ya mvinyo, na wenye nazo walikuwa wanataka pesa kama mwenye baa yeyote. Waliofanya kazi ile ya sumu walikuwa wachache. Ila wachache hao ndio waliobaki masikioni.

Mfano mkubwa si kabare yenyewe, ni mchezo wa kuigiza uliotumia nyimbo za namna ya kabare. Tarehe 31 Agosti 1928, Berlin, ilionyeshwa mara ya kwanza Opera ya Senti Tatu. Bertolt Brecht aliandika maneno, akisaidiwa sana na Elisabeth Hauptmann, aliyekuwa ametafsiri mchezo wa Kiingereza wa mwaka 1728 ambao wote walianzia hapo. Muziki ulikuwa wa Kurt Weill, mtoto wa mwimbishaji wa sinagogi. Ndani yake kuna wimbo wa mwuaji aitwaye Mack mwenye kisu. Unaimbwa taratibu, kama wa mtu anayezungusha kinanda sokoni, na kila beti inaleta maiti mwingine. Kuna pia wimbo wa msichana wa kazi kwenye hoteli chafu, anayeosha glasi huku anaota meli ya maharamia ikifika bandarini kuupiga mizinga mji wote uliomdharau. Lotte Lenya, mke wa Weill, ndiye aliyekuja kuufanya wimbo huo kuwa wake.

Mtu wa kwanza kuuimba wimbo wa Mack mbele ya watu alikuwa Kurt Gerron, Myahudi wa Berlin, mnene, aliyesomea udaktari akaishia jukwaani. Mlioona ile filamu ya mwaka 1930 ya Marlene Dietrich, Malaika wa Bluu, yeye ndiye yule mwenye kikundi, mfanya mazingaombwe. Shikeni jina lake, nitalirudia.

Mwaka 1931 Friedrich Hollaender, aliyetunga nyimbo za filamu hiyo, aliweka kwenye kabare yake wimbo unaosema Wayahudi ndio wenye kosa kwa kila kitu, mvua ikinyesha ni wao, simu ikiwa inatumika ni wao. Alikuwa Myahudi mwenyewe, anawacheka waliokuwa wanasema hivyo kweli. Tuni aliichukua kwenye opera ya Carmen ambayo kila mtu aliijua. Watu walicheka. Baada ya miaka miwili waliochekwa ndio walikuwa serikali.

Hitler alishika ukansela tarehe 30 Januari 1933. Brecht aliondoka mwishoni mwa Februari, Weill Machi. Hollaender akafika Hollywood. Gerron alifukuzwa studio Aprili akiwa katikati ya kazi ya filamu, akaenda Paris, kisha Vienna, kisha Uholanzi. Fritz Grünbaum, mchekeshaji mkubwa wa Vienna, alikufa kambini Dachau mwaka 1941. Orodha ni ndefu, siwezi kuimaliza. Kwa kifupi, karibu wote walioijua kazi hii walifukuzwa, wakafungwa au wakauawa, maana wengi walikuwa Wayahudi na waliobaki walikuwa na midomo.

Mmoja naomba nikae naye kidogo. Erika Mann, binti wa mwandishi Thomas Mann, alifungua kabare yake Munich tarehe 1 Januari 1933. Mwezi mmoja kabla ya balaa, fikiria. Aliiita Kinu cha Pilipili. Alikuwa na mwigizaji Therese Giehse, kaka yake Klaus na mpiga piano Magnus Henning. Machi wote wakakimbia. Kufika vuli ya mwaka huo huo walikuwa wameshafungua tena, Zürich, Uswisi. Wakimbizi, ugenini, bila uhakika wa karatasi, na bado wanasimama jukwaani kila usiku.

Tatizo likawa siasa. Uswisi haikutaka wageni wauguse ugomvi wa jirani. Basi Erika akafanya nini? Akasimulia hadithi za watoto. Hakumtaja Hitler, hakuitaja Ujerumani. Alivaa sare akaimba kama mwana wa mfalme wa Nchi ya Uongo. Kila aliyekaa pale alielewa, na hakuna neno hata moja ambalo polisi angeliandika kwenye daftari. Walizunguka Uswisi, Czechoslovakia, Uholanzi, Ubelgiji, Luxembourg, maonyesho zaidi ya 1,000 kwa miaka ile michache. Novemba 1934 vijana wanaowapenda Wanazi walivamia onyesho Zürich, watu wakapigana ukumbini, ikabidi polisi walinde. Na baadaye kidogo mkoa ukapitisha uamuzi. Mnadhani uliwagusa waliovamia? Ulizuia kabare za kisiasa za wageni.

Mwaka 1935 Ujerumani ilimnyang'anya Erika uraia. Mshairi wa Kiingereza W. H. Auden akakubali kumwoa ili apate pasipoti ya Uingereza, na kabla ya safari ya harusi hawakuwa wamewahi kuonana hata siku moja. Giehse naye aliolewa na Mwingereza kwa sababu hiyo hiyo. Nilipoisoma sehemu hii nilicheka peke yangu gizani kama mwendawazimu, maana nilidhani ndoa za karatasi tumezianzisha sisi. Januari 1937 walijaribu New York. Wakatafsiri vichekesho kwa Kiingereza, na Wamarekani hawakucheka. Kinu cha Pilipili kikafa pale, kwa lugha.

Sasa narudi kwa Gerron, na hapa ndipo nilipoacha kusoma kwa siku kadhaa.

Mwaka 1939 serikali ya Uholanzi ilijenga kambi ya wakimbizi sehemu ya mashariki inayoitwa Westerbork. Ilikuwa ya Wayahudi waliokuwa wanakimbia Ujerumani. Mahali pa kwanza palipopendekezwa palikataliwa kwa sababu palikuwa karibu na kasri la malkia, kwa hiyo ikapelekwa porini, kwenye upepo na matope, mbali na watu. Gharama zilibebeshwa kamati ya Wayahudi wenyewe. Kati ya waliofika mwanzo kulikuwa na abiria wa meli ya St. Louis, ile iliyozuiwa Cuba na Marekani mwaka huo ikarudi Ulaya na watu wake. Hiyo ilikuwa kambi kama zetu: mabanda, kadi, foleni. Kisha Wanazi wakaiteka Uholanzi, na Julai 1942 wakaichukua kambi jinsi ilivyokuwa, na watu ndani yake, wakaifanya kituo cha kupakia watu kwenye treni kwenda Poland kuuawa. Hawakuhitaji kuwatafuta. Walikuwa wameshaandikishwa.

Kwa muda mrefu treni iliondoka Jumanne. Usiku wa kuamkia Jumanne majina yalisomwa mabandani. Zaidi ya watu 100,000 walipitia hapo. Waliorudi ni kama 5,000.

Na kambi hiyo ilikuwa na kabare. Kabare ya kweli, pengine bora kuliko zote zilizobaki Ulaya wakati ule, maana nyota wa Berlin waliokuwa wamekimbilia Uholanzi walikuwa wamekamatiwa hapo. Max Ehrlich na Willy Rosen ndio walioiongoza, 1943 na 1944. Kulikuwa na okestra, wachezaji, mavazi. Jukwaa lilikuwa ndani ya ukumbi ule ule waliokuwa wanaandikishia watu wapya. Mkuu wa kambi, Mjerumani Gemmeker, alikaa mstari wa mbele, akacheka. Wasanii walijua kwamba akiendelea kucheka majina yao hayatasomwa wiki hiyo.

Wafungwa wenyewe hawakukubaliana juu ya jambo hili. Mwandishi wa habari Philip Mechanicus, aliyekuwa mfungwa hapo, aliandika shajara, na ndani yake ubishi huo upo: wako waliokwenda kwa sababu kucheka saa mbili ni saa mbili, na wako waliosema huwezi kucheka kwenye ukumbi ambao asubuhi watu wamepita kwenda relini. Mimi nimejaribu kuchagua upande, nimeshindwa. Nikiwa na miaka 16 ningekwenda. Sasa hivi sijui.

Najua ndugu wasomaji wa hapa kambini mtasimama kwenye neno "majina". Sisi nasi tunaishi kwa majina yanayobandikwa ubaoni. Lakini nasema wazi, haifanani. Orodha yetu mtu anaiomba usiku na mchana jina lake litoke. Nimeileta kwa sababu ya jambo lingine: kambi ile ilianza kama msaada, na karatasi zilizoandikwa kwa ajili ya msaada ndizo zilizotumika baadaye.

Rosen na Ehrlich waliuawa Auschwitz mwaka 1944. Gerron naye alipitia Westerbork, akapelekwa Theresienstadt, akaanzisha huko kabare iliyoitwa Karussell. Wanazi wakamlazimisha kuongoza filamu ya kuonyesha dunia kwamba wafungwa wanaishi vizuri: bustani, mpira, watoto wanakula. Alipomaliza kupiga picha, Oktoba 1944, wakampakia treni ya Auschwitz. Sauti ya kwanza ya wimbo wa Mack iliishia hapo.

Wimbo wenyewe haukuishia hapo. Mwaka 1954 mchezo wa Brecht na Weill ulionyeshwa New York kwa Kiingereza, kwenye ukumbi mdogo, na Lenya aliyekuwa mkimbizi akaimba ndani yake, Weill alishafariki 1950. Ukachezwa miaka na miaka. Mwaka 1955 Louis Armstrong akaurekodi wimbo wa Mack, Lenya akiwa studio, na Armstrong akachomeka jina la Lenya kati ya majina ya wimbo. Mwaka 1960 Ella Fitzgerald aliuimba Berlin yenyewe, akasahau maneno katikati, akajitungia mengine papo hapo, na rekodi hiyo ikampa tuzo ya Grammy. Sijui kama kuna aliyekaa ukumbini usiku ule akamkumbuka Gerron. Na Nina Simone, mwaka 1964, alichukua wimbo wa yule msichana wa hoteli akauimba kama mwanamke mweusi wa kusini mwa Marekani. Usikilize peke yako, usiwe na mtoto karibu. Meli ile ya maharamia sasa inakuja kwa ajili ya watu unaowajua.

Nataka mzee wangu wa kikao aione njia hii, kwa sababu hapo ndipo muziki unapowafikia vijana wa wanja. Mwaka 1966 New York walitoa mchezo wa muziki unaoitwa Cabaret, kuhusu kilabu cha Berlin Wanazi wakiwa wanapanda, na 1972 ukawa filamu ya Liza Minnelli iliyochukua tuzo 8 za Oscar. Mshereheshaji wake ana uso mweupe na midomo myekundu. Vijana wa pembeni mwa London waliiona wakaipenda. Baada ya miaka minne hivi vijana hao hao walikuwa mstari wa mbele wa panki.

Panki ni muziki wa watu wasio na ajira na wasiojua kupiga gitaa vizuri, na wanaojivunia yote mawili. Mipigo mitatu, kelele, dakika mbili, kwisha. Ulilipuka London mwaka 1976. Siouxsie Sioux alitoka kwenye kundi lile la vijana wapenda Cabaret, na macho yake yalikuwa na wanja kama wa binti yetu. Panki ilipopoa kidogo ikazaa gothi, ambayo ni ya polepole, ya huzuni, nguo nyeusi, sauti kama inatoka kisimani. Kundi moja lililoianzisha lilijiita Bauhaus, jina la shule ya sanaa ya Ujerumani iliyofungwa mwaka 1933 kwa kubanwa na Wanazi. Mwaka 1982 London walifungua klabu ya usiku ya gothi, Batcave, yaani Pango la Popo.

Na ule uso wa maiti? Hapa nina jibu kamili. Gothi waliuchota kwenye filamu bubu za Kijerumani, na maarufu kuliko zote ni Kabati la Daktari Caligari ya mwaka 1920. Humo kuna mtu anayetembea usingizini, uso mweupe, macho yamezungukwa weusi. Aliyeigiza ni Conrad Veidt. Mke wake alikuwa Myahudi. Mwaka 1933 waliondoka wakahamia Uingereza. Baadaye huko Hollywood alipewa kazi ya kuigiza Wanazi, kwa sababu alikuwa na lafudhi. Kwenye filamu ya Casablanca ya mwaka 1942 yeye ndiye afisa Mjerumani mbaya, na karibu naye yupo Peter Lorre, mwigizaji Myahudi aliyefanya kazi na Brecht Berlin, naye kakimbia 1933. Kwa hiyo Papa, ile sura si ya Freemason. Ni sura ya mkimbizi.

Kuchanganya kote kulikuwepo tayari, kilichobaki ni mtu kukusanya. Mwaka 1989 London Martyn Jacques alianzisha Tiger Lillies: kodiani, sauti ya juu nyembamba kama ya mtoto, uso wa poda, nyimbo za malaya, walevi na vifo vya kuchekesha. Mwaka 2001 walitoa albamu wakaiita Opera ya Senti Mbili, yaani wamemshusha bei Brecht kwa senti moja. Boston, Marekani, Amanda Palmer mpiga piano na Brian Viglione mpiga dramu walikutana mwaka 2000 wakaunda Dresden Dolls. Dresden ni mji wa Ujerumani uliosifika kwa vinyago vya kauri, na Februari 1945 ulichomwa kwa mabomu. Jina linabeba vyote viwili. Palmer alijitungia mapema jina la muziki wake, panki kabare ya Ki-Brecht, kwa hofu kwamba waandishi wangeuita gothi. Haikusaidia sana: mwaka 2005 kampuni ya Projekt ilitoa mkusanyiko wa nyimbo ulioitwa Kabare ya Giza, na Dresden Dolls wakiwamo. Jina hilo ndilo lililoenea.

Maoni yangu, na mnaweza kubishana nami: makundi mengi ya siku hizi yalichukua wanja yakaacha hatari. Ni rahisi kujipaka maiti mahali ambapo hakuna anayekuja usiku na orodha. Mwaka 2007 kundi la New York, World/Inferno Friendship Society, lilitoa albamu nzima kuhusu Peter Lorre, kukimbia kwake, ugeni wake, dawa za kulevya zilizomla. Hao ndio niliowaona wanajua walirithi kwa nani. Wengine naona wamenunua koti la marehemu bila kuuliza jina lake.

Nilimwambia binti yetu hivyo. Akanijibu vizuri kuliko nilivyotegemea. "Kaka, mimi simuimbi Hitler. Huyu mwanamke anaimba mambo ya nyumbani, yale ambayo mtu hasemi. Anayasema kwa sauti ya sherehe, na watu hawakimbii." Kisha akanionyesha daftari. Ameandika wimbo wake mwenyewe, Kiswahili na Kibembe, kwa mwendo wa harusi, ngoma ya kuchezesha kabisa. Bwana harusi ni mgao. Kila mwezi anakuja mwembamba zaidi, na bibi harusi bado anampigia vigelegele.

Tuliuandaa kwa ajili ya sherehe ya Juni 20. Ofisi moja ikaomba maneno kwanza, ikatushauri tubakize kiitikio tu, kile cha kumkaribisha bwana harusi, na beti za wembamba ziondoke. Walisema kwa upole, na naamini walituwazia mema, mfadhili akisikia atasemaje. Tulikubali. Mabinti waliimba kiitikio peke yake, wageni wakapiga makofi, na sisi wa huku tuliokuwa tunajua beti zilizokosekana tulicheka mpaka machozi. Nadhani Erika Mann angetuelewa. Nyinyi mnaosoma jarida hili ofisini, sasa mnajua tulichokuwa tunachekea.

Jibu hili nilimpelekea mzee nyumbani kabla ya kuliandika hapa. Alisikiliza lote, habari za Gerron alitaka nizirudie. Akaniuliza kama yule mnene hakupata nchi ya kumpokea. Nikasema kuna walioandika kwamba aliitwa Hollywood akachelewa kwenda, lakini hakufika. Mzee akanyamaza. Halafu akasema poda binti anaweza kupaka, ila wanja apunguze, na aoshe uso kabla ya kupita kwa bibi yake.

Mazoezi ni Alhamisi saa tisa mchana, ukumbi wa vijana. Kinanda chetu kina vitufe vinne visivyolia, na binti ametunga wimbo wa kuvikwepa. Mwenye kodiani, hata mbovu, atuone.